Kanda Isiyorudishwa

Hapo zamani, na sisemi zamani ya sungura na fisi, nasema zamani ya juzijuzi, televisheni zilipokuwa na kichogo na mwenye televisheni hakuwa na faragha mtaani, palikuwa na mwalimu wa chekechea mjini Korogwe. Aliitwa Mwanamvua. Darasa lake lilikuwa banda la mabati lenye uzio wa miti ya mkonge, na vifaa vyake vilikuwa chaki, debe la kupigia ngoma, na watoto arobaini wenye kamasi.

Watoto wale walikuja kwake hawajui kushoto wala kulia. Mwanamvua hakuwachapa, aliwatungia wimbo. Walikuwa hawajui kunawa, akawatungia wimbo. Wakagombania uji, akawatungia wimbo. Kila kero ilizaa wimbo, na kwa kuwa watoto arobaini hawaishiwi kero, nyimbo nazo hazikuisha. Ule wa vidole ndio waliupenda kuliko zote:

Gumba ameamka, gumba ameamka,
nduguze wanne bado wamelala.
Gumba, kawaamshe, jua limetoka,
uji umeshaiva, mbona mnalala?

Ukiusoma hivi, mtu mzima, unauona wa kawaida. Lakini ungewasikia watoto arobaini wakiuimba saa mbili asubuhi, kila mmoja akiamsha kidole kimoja kimoja kama anaamsha ndugu wa kweli, ungesimamisha baiskeli yako njiani.

Aliyesimamisha baiskeli ni Kiondo, mpiga video za harusi. Alikuwa anapita na kamera yake kwenye kapu, anaenda kumwonyesha bwana harusi mmoja alivyotoka kwenye picha. Akasimama uzioni mpaka wimbo ukaisha. Kisha akasimama mpaka wa pili ukaisha.

"Mwalimu," akasema, "hawa nitawarekodi."

"Watoto wa watu hawana sare, Kiondo. Angalia huyu, hata kifungo hana."

"Nimekuuliza habari ya kifungo? Jumanne nakuja."

Akaja Jumanne, akaja na Jumanne iliyofuata. Jumamosi na Jumapili alikuwa na harusi zake, Jumanne alikuwa na watoto. Walipotokea watu wa kuoa katikati ya wiki, aliwakatalia, na mpiga video anayekataa harusi si mtu wa kawaida. Ila mazoea yana taabu. Kiondo aliwapanga watoto wawili wawili, akawaambia watembee polepole, mguu mmoja, simama, mguu wa pili, simama, kama wasindikizaji wa bibi harusi. Na mashine yake ya kuunganishia picha ilijua mambo ya harusi tu. Kila wimbo ulipokwisha, skrini ilifunikwa na mioyo miwili myekundu, halafu maua ya waridi yakaanguka juu ya mtoto anayepenga kamasi. Mwanamvua alipoyaona alicheka hadi akakaa chini.

Zikapatikana sehemu sita, kila moja nusu saa. Kiondo akazipanga zote kwenye kanda moja ya saa tatu, akaiita kanda mama. Nyuma ya kanda za video, wale waliozishika watakumbuka, kulikuwa na kipande kidogo cha plastiki. Ukikivunja, deki haikubali tena kurekodi juu ya kanda ile. Kiondo alikivunja mbele ya Mwalimu, kwa sherehe, akamkabidhi kile kipande kama mtu anayemkabidhi ufunguo.

Sasa kanda moja ndani ya kabati haiimbi. Akatokea Shedafa. Huyu alikuwa na duka la kuazimisha kanda, deki tatu zimeunganishwa kwa nyaya, na mdomo usiopumzika. Alinakili kutwa nzima, maana kanda ya saa tatu hunakiliwa kwa saa tatu, na umeme ukikatika unaanza upya. Akipata nakala za kutosha anazijaza kwenye mfuko na kupanda basi, leo Muheza, kesho Handeni, wiki ijayo Lushoto. Kwenye mabanda ya video aliwabembeleza wenyewe waweke wimbo mmoja tu kabla ya filamu ya ngumi. Wapiga debe na wabeba mizigo, watu wazima na ndevu zao, wakajikuta wananyoosha kidole gumba gizani.

Na mwanzoni mwa kila kanda Shedafa alijirekodi mwenyewe, kwa ile sauti yake ya puani: "Shedafa Video Senta, Korogwe! Ukiazima, rudisha! Ukirudisha, azima tena!"

Watoto hawajui tangazo ni nini. Walidhani ni mwanzo wa wimbo. Wakaimba yote, tangu Shedafa Video Senta mpaka uji umeshaiva, na wengine waliibana pua kabisa ili wasikosee. Nyimbo zikaitwa nyimbo za Shedafa. Jina la Mwanamvua halikuwa popote. Hakulalamika, alikuwa na watoto arobaini wengine wa kuwafundisha kunawa.

Siku zikaenda, na siku zina tabia ya kubeba vitu bila kuaga. Zikaja sidii, deki zikaharibika zikakosa fundi. Mvua ya vuli moja iliingia dukani kwa Shedafa ikaondoka na rafu ya chini. Kanda zilizobaki kwa watu zikashika ukungu, nyingine zikarekodiwa mpira. Banda la mabati likabomolewa. Mwanamvua akastaafu, na pale palipokuwa na uzio wa mkonge akipita anaona karakana ya pikipiki.

Siku moja mjukuu wake wa mwisho, Tunu, alirudi kutoka kucheza na wenzake, amebana pua, anaimba: "Shedafa Video Senta, Korogwe! Ukiazima, rudisha! Gumba ameamka, gumba ameamka..."

Mwanamvua akamshika mkono. "Tunu, huo wimbo wa nani?"

"Wa Shedafa, Bibi."

"Shedafa ni nani?"

"Ndiye mwenye wimbo. Wewe huujui, Bibi, ni wa watoto. Nikufundishe?"

Mwanamvua akakubali kufundishwa. Aliinua gumba pale alipoambiwa ainue, akasifiwa kwamba anashika haraka. Mtoto alipokwenda kuoga, bibi alibaki mkekani na kidole chake kimesimama, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile aliona uchungu. Hakutaka kusifiwa mjini. Alitaka tu kwamba siku akiwa hayupo, mtoto akiulizwa wimbo huu ni wa nani, aseme Mwanamvua.

Haukupita mwaka, akaja mgeni kutoka Dar es Salaam. Aliitwa Theodosia, mtayarishaji wa vipindi vya watoto kwenye televisheni moja, lakini utoto wake ulikuwa Mombo, na vidole vyake aliviamshia kwa wimbo ule. Alikuwa ametangaza redioni: mwenye kanda ya nyimbo zile ajitokeze. Akajitokeza mtu mmoja tu nchi nzima. Mafundi wakaisafisha ile kanda, wakaiingiza kwenye kompyuta, sehemu zote sita. Sasa zitaonyeshwa upya, kila Jumamosi asubuhi, na ndani ya simu za watu pia. Theodosia akawakusanya wahusika sebuleni kwa Mwanamvua, chai mezani na maandazi ya iliki.

"Wazee wangu," akasema, "kimebaki kitu kimoja. Jina. Itaandikwa 'Nyimbo za' fulani. Nimewaomba wakubwa wangu kazini yaandikwe majina yote, nimekataliwa, na nadhani wamenikatalia kwa haki. Mtoto wa miaka minne hatamki majina manne. Atatamka moja, na atalibeba hilo mpaka uzeeni. Na likishatoka, halirudi."

Shedafa akawa wa kwanza, maana hajawahi kuwa wa pili mahali pa kusema.

"Mwanangu, usijisumbue. Jina zinalo. Nenda Muheza, panda Lushoto, waulize. Watakwambia za Shedafa. Unataka kumpa mtu mzima jina jipya?"

"Wewe ulitunga upi?" akauliza Mwanamvua.

"Sikutunga hata mmoja, Mwalimu, na sijawahi kusema nimetunga. Lakini wimbo wako ulikuwa unafika kwa muuza mkaa pale kona, unageuka, unarudi nyumbani. Nani aliubeba? Nani alilala stendi ya Handeni na mfuko wa kanda chini ya kichwa? Jina langu niliweka vile watu wanavyoandika jina chini ya sufuria wakiipeleka msibani. Wao huandika ili isipotee, na mimi niliandika ili isipotee. Je, ilipotea?"

"Ilipotea," akasema Kiondo taratibu. Alikuwa hajagusa chai yake. "Zote zilipotea, na wa kwanza kuzipoteza ni mimi."

Theodosia akamgeukia. "Kwani kanda mama iko wapi, mzee?"

Kiondo hakumjibu yeye. Alimtazama Mwanamvua. "Mwalimu, unaikumbuka harusi ya Mwajabu?"

Nani asahau harusi ya binti yake? "Naikumbuka."

"Ilikuwa iwe mwezi wa nane. Mkaivuta ikawa wiki ile ile, bwana harusi ana safari. Ulikuja kwangu Alhamisi, unahema. Nikakwambia sina kanda tupu hata moja, na mjini hakuna. Ukasemaje?"

Mwanamvua aliweka kikombe chini. Maneno yalimrudia yenyewe, mazima, kama ameyasema jana. "Nilisema, rekodi hata juu ya nini. Mwanangu asiolewe bila kumbukumbu."

"Nyumbani kwangu kulikuwa na kanda moja tu ya saa tatu. Nikabandika karatasi pale nilipokuwa nimevunja plastiki, deki ikadanganyika, ikakubali. Nilijua Shedafa anazo nakala kibao."

"Na mimi nilijua kanda mama unayo wewe!" Shedafa akapaza sauti. "Ningejua, ningebakiza moja. Niliazimisha mpaka ya mwisho."

"Mwalimu, ile kanda ya harusi unayo wewe," akasema Kiondo. "Wageni wakishaondoka wote, pale mwisho kabisa, kuna mtoto anainua gumba. Hajapotea, harusi haikumfikia. Hukuwahi kumwona?"

Hakuwahi. Kila alipoiangalia harusi ile, alizima shangazi wakishacheza, kwa sababu baada ya hapo ni Mwajabu kupanda gari, na hakuweza kutazama Mwajabu akipanda gari. Miaka yote ameilinda kanda ile kwenye kitambaa, anaiita mali yake, kumbe ndani yake alikuwa amezifunika nyimbo zake mwenyewe kwa ruhusa yake mwenyewe. Alijisikia aibu, na chini ya aibu alijisikia hasira, ila hakupata wa kumkasirikia.

"Hata hivyo nadai," Kiondo akaendelea. "Nilikosa, nimekiri. Lakini kabla sijakosa, nilisimama uzioni. Wengine wote walipita. Wimbo wa chekechea hudumu mpaka mtoto anapoanza darasa la kwanza, Mwalimu, wewe unajua zaidi yangu. Mimi ndiye niliyewazuia wale watoto wasikue. Wangekuwa wapi sasa?"

Kisha ikasikika sauti ya mwanamke aliyekaa karibu na mlango, aliyekuja na treni na mabasi kutoka Tabora, ambaye hakuna aliyemtambua alipoingia. Huyu ndiye Mama Sauda, yule mtu mmoja nchi nzima.

"Mimi jina langu liko kwenye daftari la mzee Shedafa," akasema, "kwenye watu waliokula kanda."

Shedafa akamkazia macho. "Mke wa yule wa reli?"

"Ndiye. Niliazima siku moja tu, Sauda ana surua, halali, hali. Kesho yake mume wangu akapata barua ya uhamisho. Tulifunga mizigo kwa siku mbili. Kanda nikaiona mikononi mwangu, duka liko palepale nje, hatua ishirini. Sitawadanganya kwamba nilisahau. Niliiweka katikati ya mashuka."

"Basi wewe mwizi!"

"Mwizi, ndiyo. Wanangu watano wamejifunza vidole kwa kanda hiyo. Walipokua, sikuiacha. Kanda ikikaa bila kuchezwa inaganda, inashikana yenyewe kwa yenyewe. Kila mwezi nilikuwa naitia kwenye deki, naipeleka mbele hadi mwisho, nairudisha. Deki ikifa natafuta nyingine. Watu waliniona nimechanganyikiwa. Miaka ishirini na mitatu, mzee Shedafa. Ningekuwa mwaminifu, ningeirudisha dukani kwako, na mvua ingeibeba. Ninyi wote mlizipenda nyimbo hizi zilipokuwa changa. Zilipozeeka, nani alikuwa anazigeuza kitandani?"

Shedafa alichukua andazi akalishika tu.

Wote wakamgeukia Mwanamvua. Maneno alikuwa nayo tangu siku ile mkekani, ameyapanga vizuri, lakini sasa yalikuwa yamevurugika.

"Mlisimama uzioni, mkapanda mabasi, mkageuza kanda," akasema mwishowe. "Ahsanteni. Nasema ahsanteni na sitanii. Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na mtoto anaitwa Mbwambo, hajui kama ana vidole kumi. Nililala nawaza, huyu nitamwambiaje? Asubuhi wimbo ulikuwepo. Hakukuwa na kamera, hakukuwa na deki. Tulikuwa mimi na Mbwambo tu." Akasogeza kikombe chake. "Ni kweli nilisema irekodiwe juu yake. Leo hii, Mwajabu angerudi kuwa binti wa kuolewa, ningesema tena. Sasa mnataka niseme nini?"

Theodosia akafungua kompyuta yake, labda kwa kukosa la kufanya. Mioyo miwili myekundu ikajaa skrini, ikafunguka, na watoto wakatokea. Walikuwa wamejipanga wawili wawili, mguu mmoja, simama, mguu wa pili, simama. Yule asiye na kifungo alikuwa mbele. Wale wazee wanne wakasogea, mabega yakagusana. Kiondo akataja majina yao kwa kunong'ona, na pale alipokosea Mwanamvua alimsahihisha. Wawili kati yao walishafariki, na mmoja ni diwani.

Wimbo wa vidole ulipoanza, Theodosia akasimamisha picha ghafla. "Huu mkono wa nani?"

Upande wa kushoto wa skrini, pembeni kabisa, ulikuwa umeingia mkono mweupe kwa chaki hadi kwenye kifundo. Hakuna uso, hakuna gauni, ni mkono tu, na gumba lake limesimama. Theodosia akarudisha nyuma, akaacha icheze taratibu. Gumba la mkono ule lilikuwa linainuka kwanza, halafu ndipo magumba arobaini yanainuka. Watoto wote, tangu wa mbele hadi wa nyuma, hawakuwa wanaitazama kamera. Walikuwa wanautazama mkono.

"Niliuona nilipokuwa naunganisha," akasema Kiondo. "Ungeweza kufunikwa na ua moja tu la waridi. Nikashindwa kuufunika."

Mama Sauda akasema kwamba wanawe walikuwa wanaupungia mkono ule kila unapotokea, lakini hawakujua wanayempungia ni nani. Shedafa akafuta macho kwa leso, akasema ni moshi wa chai.

Theodosia akaweka karatasi mezani. Ilikuwa na maneno mawili, "Nyimbo za", na mbele yake mstari mtupu. Akaiweka kalamu juu yake, akaisukuma kwa Mwanamvua.

"Zimeanzia kwako, Mwalimu. Andika wewe. Utakaloandika, hakuna atakayepinga."

Wenzake watatu wakaitikia kwa kichwa, na hakuna aliyedanganya alipoitikia, na hakuna ambaye hakuumia. Mwanamvua akaichukua kalamu. Alilitaka jina lake pale kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu astaafu. Akawatazama mmoja mmoja, akainama juu ya mstari.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, msitafune tu karanga zangu. Mmoja alitunga, na ndiye aliyesema rekodi hata juu ya nini. Mmoja alisimama uzioni wengine wakipita, na ndiye aliyebandika karatasi. Mmoja alizipeleka kwa watoto wa wilaya nzima, na akawafundisha jina lake badala ya la mtunzi. Mmoja aliiba, na kwa kuiba kwake nyimbo ziko hai. Mstari ni mmoja na wino haufutiki. Kalamu ingekuwa mkononi mwako wewe, ungeandika nyimbo za nani?